Chipukizi la Ortena

Hanan binti Abdulatif alizaliwa Majengo ya Nyeri katika msimu wa ukungu, na mama yake, Bi Zabibu, husema ndiyo sababu hasikii akiitwa mara ya kwanza. Wenzake walipokuwa wakiruka kamba uani, yeye alikaa kizingitini akitazama mawingu yakishuka kutoka Nyandarua, yakifunika mabati nyumba kwa nyumba, mpaka mnara wa msikiti ukazama na dunia yote ikabaki na ukubwa wa ua wao. Akiulizwa anawaza nini, alijibu hawazi kitu. Kumbe alikuwa akijiuliza vitu huenda wapi visipoonekana, na huko viliko nani anavitunza.

Baba yake alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa kanzu na sare za shule, na aliaga dunia Hanan akiwa bado kidato cha pili. Bi Zabibu hakuketi akalia. Alifungua hoteli ndogo ya chai na mahamri karibu na stendi, akawalisha makanga wa magari, askari na walimu waliohamia Nyeri kutoka kila pembe ya nchi, na kwa moshi wa jiko hilo binti yake akafika chuo kikuu kusomea kompyuta.

Huko chuoni ndiko alikokutana na Ortena. Ortena ilikuwa kanzidata, yaani ghala la kumbukumbu linalokaa ndani ya kompyuta. Unaliwekea majina, tarehe, uzani wa maziwa, chochote kile. Ukirudi kesho na swali lako, linakujibu. Maghala ya namna hiyo ni mengi, ila hili lilikuwa programu huria: msimbo wake, yale maagizo yaliyoandikwa na binadamu mstari kwa mstari, ulikuwa wazi kwa yeyote kuusoma, kuutumia, kuubadilisha na kuwapa wengine. Mhadhiri aliitaja kwa kupita tu. Wanafunzi wakaitumia kwa zoezi, wakaendelea na mengine. Hanan aliingia ndani, hakutoka tena.

Aliusoma ule msimbo kama watu wasomavyo hadithi. Waandishi wake walikuwa wameacha maneno mafupi kati ya mistari ili kuelezana kazi, na humo Hanan aliwakuta watu. Mmoja alisema theluji imeziba mlango wake, kwa hiyo amepata nafasi ya kunyoosha sehemu hii iliyopinda. Mwingine aliomba radhi kwa fundi atakayekuja baada yake. Hanan akasoma huku mvua ikinong'ona kwenye dirisha la maktaba, akajihisi kama mgeni aliyeingia nyumba kubwa yenye vyumba vingi, ambamo chai bado ina moto mezani na wenyeji wametoka kidogo tu kwenda chumba cha pili.

Aliyeianzisha nyumba hiyo alikuwa mama mmoja wa nchi ya baridi, jina lake Solveig, mtu mzima ambaye nywele zake, katika picha ya pekee aliyowahi kuiweka hadharani, zilikuwa nyeupe kama pamba. Watu wa kila bara walimtumia marekebisho, naye akayasoma yote, akayakubali au akayarudisha kwa maelezo. Hanan hakuwaza kwamba siku moja naye angemwandikia.

Sababu ya kumwandikia ilikuwa stima. Baada ya chuo, Hanan na mwenzake wa darasani, kijana mmoja mchangamfu aitwaye Theuri, walikodi chumba mjini Nyeri juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo, wakaandika nje kwamba hapa panatunzwa kumbukumbu za vyama vya ushirika. Mteja wao wa kwanza alikuwa chama cha maziwa cha Wamagana, upande wa Tetu, ambako meneja wake alikuwa Kanini, mama wa Kikamba aliyeletwa huko na kazi ya ushirika miaka mingi iliyopita, akapenda baridi, akabaki. Wakulima walileta maziwa alfajiri, karani akaingiza uzani katika kompyuta, na Ortena ikaweka. Lakini Wamagana stima hukatika kama mtu anayekatiza maneno ya mwenzake. Na kila ilipokatika ghafla, Ortena iliamka imechanganyikiwa, mfano wa mtu aliyezinduliwa katikati ya ndoto, asijue alikuwa ameishia wapi.

Theuri alishauri wanunue betri kubwa, na kwake huo ukawa mwisho wa maneno. Hanan akashuka kwenye msimbo, akatafuta ile sehemu inayoliamsha ghala baada ya kuzimika, akakaa nayo majuma kwa majuma. Watu walimpita barabarani wakamsalimu, akaitikia salamu walipokwisha fika mbali. Hatimaye aliandika marekebisho, akayatuma kwa Solveig. Yakarudi. Akayatuma tena, yakarudi tena, na kila mara yakiwa na maelezo marefu, ya upole, yasiyomwonea haya wala kumbembeleza. Msimu mzima wa baridi ulipita hivyo, mmoja akiwa Nyeri, mwingine akiwa kusikojulikana kwenye theluji, wakizungumza juu ya kuamka. Yalipokubaliwa, jina la Hanan likaingia katika orodha ya mafundi wa Ortena, na marekebisho yake yakasambaa ulimwenguni kote bila kelele, kama umande.

Bi Zabibu alimuuliza kama wanamlipa. Hanan akasema hapana, hakuna anayemlipa mwenzake pale, na wala hakuna anayemuuzia mwenzake. Mama akafikiri huku akigeuza mahamri.

"Kumbe ni wakfu," akasema.

Hanan hakuwahi kupata neno zuri zaidi ya hilo. Mtu huchimba kisima, akakitoa kwa ajili ya Mungu, na tangu siku hiyo kisima hakina mwenyewe. Wapita njia hunywa, na anayeweza huongeza jiwe ukingoni.

Miaka ikaenda. Kutoka Wamagana, kazi ilifika kwa wakoboaji wa mpunga wa Mwea, na Hanan akawa akishuka kule tambarare kwenye joto, ambako maji husimama mashambani na mbingu hulala ndani yake, na waendesha baiskeli hupita kwenye kingo kana kwamba wanatembea juu ya mawingu. Kote huko alisimika Ortena. Hakuolewa. Aliposwa mara moja na mtu mwema, akasahau siku ya kwenda kwa wakwe, na yule mtu mwema akaelewa. Alikuwa na furaha ya aina yake, ya chini kwa chini.

Habari ilikuja asubuhi moja ya mwezi wa saba, ukungu ukiwa umekaa mjini kama kuku juu ya mayai. Theuri ndiye aliyeiona. Kampuni moja kubwa ya ng'ambo ilikuwa imeinunua Ortena. Tangazo lilijaa maneno ya shangwe, kwamba kila kitu kitabaki vilevile, ila kitakuwa bora. Hanan alilisoma, akaenda kusimama dirishani. Chini, mtu alikuwa akipakia magunia ya vyakula vya kuku kwenye mkokoteni, na mkokoteni ukaingia kwenye ukungu, ukapotea.

Jioni ile alimweleza mama yake. Bi Zabibu akaweka kikombe chini.

"Wakfu huuzwaje, mwanangu?"

Hanan akajaribu kueleza. Solveig alikuwa na kampuni yake ndogo iliyomiliki jina la Ortena na kuwaajiri mafundi wachache. Hicho ndicho kilichouzwa, pamoja na haki ya kuamua matoleo yajayo yatatoka vipi. Msimbo uliokwisha kutolewa hauwezi kurudishwa, maana leseni yake ilisema waziwazi kwamba aliyepewa amepewa. Mama akasema basi wamenunua mlango na kibao cha mlangoni, maji bado yako chini. Hanan akacheka kidogo, lakini usingizini aliiona ile nyumba yenye vyumba vingi, na mtu asiye na uso akipita ndani akifunga mlango mmoja mmoja, taratibu, bila ubaya wowote, kama mlinzi wa shule mwisho wa muhula.

Na ikawa hivyo. Kwanza marekebisho ya watu wa nje yalianza kukaa bila kusomwa. Kisha likaja tangazo la pili: matoleo yote yajayo yatakuwa chini ya leseni mpya, na atakayetaka kuyatumia kwa kazi atatia sahihi mkataba na kampuni, na matoleo ya zamani hayatarekebishwa tena hata yakipatikana na tundu. Hanan alimwandikia Solveig barua pepe moja, fupi, akimuuliza tu kama ni mzima. Haikujibiwa. Mafundi waliokuwa wakiongea naye kila siku walisema vivyo hivyo, kwamba mama amenyamaza.

Katikati ya hayo, kampuni ikaandika Nyeri. Ilitaka watu wanaoijua Ortena waifanyie kazi Nairobi, na ilimtaka Hanan na ilimtaka Theuri, kwa mshahara ambao hawakuwa wamewahi kuufikiria. Walikaa ofisini kwao juu ya lile duka, harufu ya dawa za mifugo ikipanda ngazi. Theuri hakuzunguka mbuyu.

"Mimi nitaenda, Hanan. Niko na wadogo wangu watatu shuleni, na mama yangu anajua hospitali kuliko anavyojua shamba yake. Si ati naiacha Ortena. Naifuata huko imeenda."

Hanan akamwambia hajafanya kosa. Alisema kweli, wala hakusema kwa uchungu. Theuri akamuuliza yeye je.

"Mimi nitabaki na ile iliyobaki."

Walishuka pamoja mpaka stendi. Alipopanda gari, Hanan alimpungia mkono, akaendelea kupunga hata baada ya gari kukata kona, maana alikuwa amekwisha kuanza kuwaza jambo jingine.

Alichokuwa akiwaza ndicho walichokuwa wakiwaza wengi. Kama msimbo wa toleo la mwisho lililo huru bado ni wa kila mtu, basi watu wauchukue, waondoke nao, wauendeleze wenyewe kwa njia yao. Wenye kazi hiyo husema njia imegawanyika panda: huku kampuni na toleo lake, huku jamii na lake. Si jambo la kuanza kwa mbwembwe. Njia panda nyingi za aina hiyo huota nyasi katika mwaka wa kwanza, kwa kuwa shauku ni nyingi na mikono ni michache.

Mkutano ulifanywa kwa video, saa ambayo ingewafaa wengi. Nyeri ilikuwa alasiri. Kwa fundi mmoja wa Brazili ilikuwa bado asubuhi, na jogoo wake aliwika kila alipofungua kinywa. Kwa mama mmoja wa Indonesia jua lilikuwa limeshuka na vyura walikuwa wakiimba nje. Hanan alikaa katika chumba cha nyuma cha hoteli ya mama yake, sufuria zikigongana upande wa pili, akatazama nyuso zile ndogo ndogo zikiwaka mbele yake kama madirisha ya mtaa mmoja ulioviringishwa kuizunguka dunia. Baadhi yao alikuwa akisoma maneno yao tangu maktabani. Sasa walikuwa wanakunywa vitu katika vikombe.

Walikubaliana kuendelea. Kisha likaja suala la jina, kwa sababu Ortena lilikuwa jina la kampuni sasa, na wao hawakuruhusiwa hata kulikaribia. Yakatajwa majina mengi, ya mashujaa, ya nyota, ya wanyama wakali. Hanan, ambaye hakuzoea kusema mikutanoni, alijisikia akisema juu ya migomba. Aliwaeleza kwamba kwao, kandokando ya vijito, mgomba ukishazaa hukatwa, na anayepita huona gogo tu. Lakini haukatwi ukaisha. Ubavuni mwake unakuta kijani kimoja kimesimama, kimejisokota kama karatasi, kilichotoka kwenye shina lilelile chini ya udongo. Wakamuuliza kinaitwaje.

"Chipukizi," akasema.

Yule wa Brazili akalitamka vibaya, kisha vizuri. Likapigiwa kura, likapita.

Hapo ikafuata kazi ya kulifuta jina la zamani. Lilikuwa limetapakaa katika msimbo kila mahali, maelfu kwa maelfu, katika maonyo, katika maelezo, katika majina ya sehemu zisizowahi kuonwa na mtumiaji. Kompyuta iliweza kuyabadilisha mengi yenyewe, lakini mengine yalihitaji jicho la mtu, na Hanan alichukua fungu lake. Ulikuwa mwezi wa ajabu maishani mwake. Alikaa na laptopu karibu na jiko, mvuke wa chai ukipita, akaandika Chipukizi mahali palipokuwa na Ortena, Chipukizi, Chipukizi, mpaka neno likaacha maana yake likawa sauti tu, kama mtu anayevuta uradi. Alipokutana na yale maneno mafupi ya zamani, theluji iliyoziba mlango, fundi aliyeomba radhi, hakuyagusa. Jamii ilikuwa imeamua kwamba maneno ya watu yabaki yalivyo, na majina yao vilevile. La Solveig lilibaki juu ya yote.

Yeye mwenyewe alikabidhiwa ile sehemu ya kuamsha ghala. Ikiharibika, yeye ndiye wa kuulizwa. Ikirekebishwa, yeye ndiye wa kukubali au kurudisha.

Wamagana ilibidi ichague. Toleo walilokuwa nalo lilikuwa limezeeka, na Kanini alijua hawezi kukaa nalo. Akawaita wote wawili siku moja, Hanan kutoka Nyeri na Theuri kutoka Nairobi, kwa kuwa Theuri ndiye aliyepewa na kampuni kazi ya kuzungumza na vyama vya mlimani. Alifika na koti zuri na kompyuta nyembamba, akamkumbatia Hanan kama ndugu, kisha akaeleza kazi yake vizuri, bila uongo: toleo la kampuni lina watu wa kupigiwa simu mchana na usiku, na limejaribiwa na matajiri wa dunia. Hanan naye akaeleza lake, kwa sauti ya chini, akipotea kidogo katikati na kurudi. Alisema Chipukizi ni changa, na akisema lina watu wa kutosha atakuwa anadanganya.

Kanini aliwasikiliza mikono ikiwa mapajani. Nje, vyombo vya maziwa vilikuwa vikisuuzwa. Akamgeukia Theuri.

"Niambie kitu moja tu, kijana yangu. Siku nikitaka kuhama, nitahama na vitu zangu?"

Theuri akatazama koti lake. Angeweza kujibu kwa namna nyingi, na Hanan aliona namna hizo zikimpita usoni.

"Itakuwa ngumu, Madam," akasema. "Mkataba haujaandikwa hivyo."

Kanini akamshukuru, akawapa wote wawili maziwa ya moto yenye tangawizi, na baada ya kuzungumza na kamati yake akachagua Chipukizi. Theuri alirudi Nairobi bila kinyongo. Alimwambia Hanan njiani kwamba kama angekuwa Kanini angefanya vivyo hivyo, lakini hilo asilirudie kwa mtu.

Mvua ya njahi, ile ndefu ya masika, ilipokuja mwaka ule ilikuja na radi. Asubuhi moja, wakulima wakiwa bado foleni, radi ilipiga nguzo ya stima iliyo juu ya kituo cha maziwa cha Wamagana, stima ikaenda, ikarudi, ikaenda tena, na betri ya akiba iliyokuwa imechoka ikakata tamaa. Ilipotulia, karani aliwasha kompyuta. Chipukizi likaamka nusu. Liliwajua wakulima wote kwa majina, lakini lilipoulizwa walileta nini mwezi ule, lilijibu kwamba halijui, kana kwamba hawakuwahi kukanyaga pale.

Hanan alifika akiwa amelowa mpaka mifupani. Hakuna aliyemkaripia, na hilo lilimuumiza zaidi. Wakulima walisimama chini ya paa la bati, makoti ya mpira yakitiririka, wakizungumza juu ya majani ya chai na bei ya dawa za kupe, wakimpa nafasi kama watu wanavyompa nafasi mwenye mgonjwa. Kanini aliamuru uzani wa siku hiyo uandikwe kwa kalamu, akamletea Hanan kiti na blanketi.

Alitazama, akaona kwamba kumbukumbu hazikupotea. Zilikuwepo zote, chini, salama, lakini ile njia ya kuzifikia ilikuwa imekatika mahali ambapo yeye mwenyewe alikuwa ameshika ulinzi. Akaandika hadharani, kwenye uwanja wa jamii, mahali pa kusomwa na kila mtu, pamoja na wa kampuni, kwamba Chipukizi limeshindwa kuamka Wamagana, na kwamba sehemu iliyoshindwa ni yake. Akaeleza kila alichokiona. Kisha akangoja, mvua ikipiga bati kwa sauti moja ndefu isiyo na mwanzo wala mwisho, na akili yake ikaelea, ikatoka nje, ikapita juu ya mashamba ya chai yaliyolowa.

Simu ikalia. Alikuwa Theuri. Alikuwa ameona andiko. Alisema pole, akasema msimbo wa kampuni ameapa asiutoe, na hata angeutoa usingesaidia. Baada ya hapo hakukata simu. Hanan alisikia magari ya Nairobi nyuma yake, honi na mvua nyingine, na wakakaa hivyo kwa muda, kila mmoja kwenye mvua yake, mpaka moyo wa Hanan ukatulia.

Alipoiweka simu, wa Brazili alikuwa ameshaandika dhana yake, na wa Indonesia yake. Chini yao palikuwa na ujumbe wa tatu, na Hanan alilisoma jina la mwandishi kabla hajaelewa kwamba amelisoma. Solveig. Hapakuwa na salamu ndefu. Alisema mkataba wa mauzo ulimfunga asishiriki kazi ya namna hii kwa muda, na muda huo sasa umekwisha. Kwamba aliuza kwa kuwa alikuwa amechoka na hakutaka mafundi wake wakose kazi. Kwamba amefurahi kuona migomba. Halafu akaweka marekebisho, mistari michache, safi, kwa mkono ule ule ambao Hanan angeutambua hata gizani.

Hanan aliyasoma huku machozi yakimlenga. Akayasoma tena, polepole, kama alivyofundishwa na mwandishi huyo huyo. Yalikuwa mazuri. Lakini aliona kwamba yangefaa ikiwa stima itakatika mara moja. Ikikatika tena wakati ghala lingali linaamka, kama ilivyofanya asubuhi ile, njia ingekatika palepale. Angeweza kuyakubali, nani angemlaumu? Nje, mzee mmoja alikuwa akimwambia mwenzake kwamba radi ya leo ilipiga kama mtu anayerudia swali. Hanan akaandika kwa upole, kwa maelezo marefu, na akayarudisha.

Jibu halikuchelewa.

"Ni kweli," Solveig aliandika. "Huku kwangu stima haikatiki, na mimi nilifikiri kama mtu wa huku. Andika wewe kipande hicho, nami nitasoma."

Wakafanya kazi pamoja, mmoja Wamagana akiwa na blanketi mabegani, mwingine mbali kusikojulikana, na kulipokuwa bado na mwanga Chipukizi likaamka, likamjua kila mkulima na kila chupa ya maziwa aliyowahi kuleta. Karani akapiga kofi moja dogo. Kanini akasema haya, watu waende nyumbani, ng'ombe zinangoja. Juma lile lile marekebisho yale yalitoka kwa dunia nzima, yakiwa na majina mawili.

Tangu hapo mambo hayakwenda kama hadithi za kusifu. Kampuni ingali kubwa, na wateja wake ni wengi kuliko wa Chipukizi mara nyingi. Wakoboaji wa Mwea walihamia kwa kampuni, na Hanan hakuwalaumu. Mafundi wa Chipukizi wengine wamechoka wakaondoka, wengine wamekuja. Theuri yuko palepale Nairobi, anasomesha wadogo zake, na akija Nyeri hunywa chai kwa Bi Zabibu bila kulipa, kwa amri ya Bi Zabibu. Solveig hutuma marekebisho anapojisikia, madogo madogo, kama mwanamke anayepalilia bustani ya jirani. Hawajaonana na Hanan ana kwa ana, wala hawajapanga.

Siku hizi Hanan hupanda mpaka Doldol, ambako soko la mifugo limeanza kutunza kumbukumbu za chanjo kwa Chipukizi. Mtandao wa huko ni wa kuvizia. Mara ya mwisho alipokwenda, ilimbidi angoje, akakaa kwenye kivuli cha ukuta wa ofisi, mbuzi wakimzunguka kila upande na vumbi lao likigeuka dhahabu juani. Wauzaji walikuwa wakibishana kwa sauti za kuimba juu ya dume moja jekundu. Macho yake yakalegea. Aliona mbuzi wanapita mmoja mmoja katika mlango mwembamba, na kila aliyepita akiacha kitu kidogo kinachong'aa, naye Hanan akikipokea na kukiweka mahali pake, bila haraka. Karani wa soko alimwita kwamba mtandao umerudi. Akamwita tena, na mara hii akasikia, akainuka, akajikung'uta vumbi, akaingia ndani.